Mvamizi Ndotoni: Tazama Mlango Kabla ya Kumtazama Mwizi

Kamusi za ndoto zina jibu la haraka kwa aliyeota mwizi kaingia nyumbani: utapoteza mali, au kuna rafiki anayekuchekea huku akikuchimba. Kasoro ya jibu hilo ni kwamba limetolewa kabla mwotaji hajaulizwa lolote. Artemidorus wa Daldis, mfasiri wa ndoto aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2 BK, alikwisha kuwaonya wenzake: kabla ya kufasiri, uliza mwotaji ni nani, anafanya kazi gani, ana mali kiasi gani, ana umri gani na mwili wake una hali gani, kwa kuwa ndoto ile ile humjia tajiri kwa maana moja na maskini kwa nyingine. Kamusi nyingi za leo hazijafika pale alipofika yeye.

Katika ndoto ya uvamizi, mvamizi mwenyewe ndiye mwenye habari chache kuliko vyote. Mara nyingi hana sura, hana jina, na hasemi kitu. Habari ziko mlangoni: ni mlango upi, ulikuwa katika hali gani, nani alikuwa na ufunguo, na mwenye nyumba alifanya nini. Lakini kuna kazi ya kuchuja kwanza, maana si kila mgeni wa usiku ni ishara ya kitu.

Aliyesimama kando ya kitanda

Kuna tukio ambalo watu wengi huliita ndoto ya mwizi ilhali si ndoto kamili. Mtu anafumbua macho na kukiona chumba chake kama kilivyo, kabati lile lile na pazia lile lile. Anahisi kuna mtu mlangoni au karibu na kitanda. Anataka kupiga kelele, sauti haitoki. Anataka kuinuka, mwili hausogei. Wengine huhisi uzito kifuani. Baada ya sekunde kadhaa, au dakika chache, kila kitu kinaachia. Huku ndiko kukabwa na jinamizi, na madaktari wa usingizi hukuita kupooza kwa usingizini.

Chanzo chake kinaeleweka vizuri. Ndoto nyingi zilizo wazi huja katika hatua ya usingizi iitwayo REM, ambapo macho huchezacheza chini ya kope. Watafiti Aserinsky na Kleitman waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1953 huko Chicago. Katika hatua hiyo shina la ubongo hufunga misuli isitii amri, ili anayeota anakimbia asikurupuke kitandani. Macho na kiwambo cha kupumulia huachwa huru. Shida hutokea pale fahamu inapoamka kabla kizuizi hicho hakijaondolewa. Mtu yuko macho, hawezi kusogea, na sehemu za ubongo zinazotoa tahadhari ya hatari, amigdala ikiwemo, bado ziko kazini. Ubongo unaohisi hatari bila kuona inakotoka humtafuta wa kuileta, na huyo kwa kawaida ni mtu. Mwaka 1999 mtafiti J. Allan Cheyne na wenzake nchini Kanada waliyagawa maono ya aina hii katika makundi matatu, na kundi moja wakaliita kwa jina hilo hilo la mvamizi: hisia kwamba kuna mtu, hofu kali, sauti, na vivuli vinavyotembea.

Jambo hili si la nadra. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba asilimia 7.6 ya watu hulipata angalau mara moja maishani, na kwa wanafunzi kiwango kilikuwa juu zaidi, karibu asilimia 28. Kulala chali, kukosa usingizi wa kutosha na kubadilisha saa za kulala mara kwa mara huliongezea nafasi. Likitokea, kupambana kwa nguvu zote huzidisha hofu tu. Kinachosaidia ni kupumua polepole, kusogeza macho, na kuelekeza nia kwenye kiungo kidogo kama kidole cha mguu, kisha ukiachiwa uinuke kidogo na ubadilishe ubavu kabla ya kulala tena, la sivyo waweza kurudi pale pale. Mvamizi wa namna hii hana siri ya kufumbuliwa. Ukimtafutia maana utaipata, lakini itakuwa umeileta wewe.

Kuna pia kelele na miguso ya kweli. Mwaka 1958 watafiti William Dement na Edward Wolpert waliwanyunyizia maji watu waliokuwa katika usingizi wa REM, na katika asilimia 42 ya majaribio maji hayo yaliingia ndotoni kwa sura fulani, kama vile paa linalovuja. Komeo linalogongagonga kwa upepo au jirani anayefungua geti usiku wa manane anaweza kukupatia mwizi kamili mwenye nyundo mkononi. Halafu kuna dawa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu za jamii ya propranolol na baadhi ya dawa za sonona huleta ndoto za kutisha. Kuacha pombe ghafla baada ya kuinywa kwa muda mrefu hufanya vivyo hivyo, kwa sababu usingizi wa REM uliokuwa umebanwa hurudi kwa kishindo. Homa nayo imo. Ikiwa ndoto za wezi zilianza wiki ile ile ulipoanza dawa mpya, mwambie daktari aliyekuandikia, wala usiiache mwenyewe.

Kwa nini ubongo unawapenda wezi

Ukishaondoa hayo, zinabaki ndoto zenyewe, nazo ni nyingi. Katika dodoso za ndoto zinazowapata watu wengi, kufukuzwa huongoza orodha mara kwa mara, na kuvamiwa nyumbani ni jamaa wa karibu wa kufukuzwa. Watafiti Calvin Hall na Robert Van de Castle, waliochapisha mwaka 1966 mfumo wa kuhesabu yaliyomo ndotoni, waligundua kwamba mwanamume asiyejulikana ndiye mhusika anayeandamana zaidi na ugomvi katika ndoto za wanaume na za wanawake vilevile. Kwa hiyo mvamizi asiye na sura, mwanamume, usiku, ni umbo la kawaida ambalo ubongo hulitumia kusema hatari. Kwamba ulimwota mwanamume usiyemjua hakuelezi chochote kuhusu mwanamume yeyote unayemjua.

Mwanasaikolojia Antti Revonsuo wa Finland alipendekeza mwaka 2000 kwamba ndoto ni uwanja wa mazoezi: ubongo huigiza hatari ili ujizoeze kuitambua na kuikwepa bila kudhurika. Nadharia hiyo ina wapinzani, na kuna hoja moja wanayoweza kuishika vizuri: mwotaji mara nyingi hafanyi lolote la maana. Kitasa hakifungi, simu haibonyezeki, miguu imekufa ganzi. Mazoezi gani hayo ambayo kila siku unashindwa? Hata hivyo nadharia hiyo inatufaa kwa jambo moja. Inatukumbusha kwamba hofu inaweza kuwa imetangulia na hadithi ikafuata. Ubongo huwa tayari una wasiwasi, kisha unautafutia picha. Na kwa wasiwasi wa kuingiliwa, picha iliyo karibu kuliko zote ni mwizi.

Kipindi cha REM hurudi kila baada ya dakika 90 hivi na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ndiyo maana ndoto ndefu yenye vyumba, ngazi na mazungumzo huja zaidi saa za mwisho za usingizi. Anayeruka kitandani akipiga kelele saa moja tu baada ya kulala, asikumbuke kitu asubuhi, huenda ana vitisho vya usiku, na hivyo ni vya usingizi mzito usio wa REM. Hapo hakuna hadithi ya kufasiri.

Walivyosema waliotangulia

Vitabu vya taabiri vinavyohusishwa na Ibn Sirin, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki Basra mwaka 110 Hijria, vingi vikiwa vimekusanywa na watu wa baadaye, vinamtaja mwizi kwa namna inayoshtua: mwizi asiyejulikana anaweza kusimama mahali pa malaika wa mauti. Akiingia na kuchukua kitu, kuna atakayefariki katika nyumba ile. Akitoka mikono mitupu, kuna atakayekaribia kufa kisha apone. Si lazima uamini utabiri huo ili ujifunze kwa njia yake. Uamuzi wote umewekwa juu ya jambo moja dogo, kama kitu kilichukuliwa au la. Mwenye kufasiri kwa njia hiyo hawezi kusema neno kabla hajauliza.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchanganuzi wa nafsi, katika kitabu chake cha ndoto cha mwaka 1900, alidai kwamba wezi na mizimu ya usiku ni kumbukumbu za utotoni: watu wazima walioingia chumbani usiku kumwamsha mtoto asikojoe kitandani, au kufunua shuka waone mikono yake iko wapi. Katika ndoto alizozichambua, alisema, mwizi alikuwa ni baba, na mizimu ilikuwa ni wanawake waliovaa nguo nyeupe za kulalia. Kama kanuni ya watu wote, dai hilo halisimami. Lilitokana na wagonjwa wachache wa daktari mmoja. Lakini ndani yake kuna punje ambayo wengi huitupa pamoja na ganda: mvamizi wa kwanza maishani ni mtu aliyekuwa na haki ya kuingia. Uvamizi na mamlaka vinaweza kukaa katika sura moja.

Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alielekea kwingine. Mwaka 1909, akiwa safarini kwenda Marekani pamoja na Freud, aliota yuko katika nyumba ya ghorofa asiyoijua ila aliyoona ni yake. Kila alivyoshuka ilizidi kuwa ya kale, hadi kuta za enzi za Warumi, na chini kabisa pango lenye mafuvu mawili. Freud aling'ang'ania kujua mafuvu ni ya nani, akishuku kuna kifo ambacho mwotaji anakitamani. Jung aliiona nyumba nzima kuwa picha ya nafsi. Baadaye alikuza pia wazo la kivuli: sehemu ya mtu aliyoikana, hasira, tamaa, hata kipaji, ambayo hurudi ikiwa na sura ya mtu mwingine, aghalabu wa jinsia ile ile ya mwotaji. Kwa kusoma hivyo, anayevunja dirisha anaweza kuwa wewe unayetaka kurudi kwako. Usomaji huo unavutia, na ndiyo hatari yake. Mtu anayeishi na anayempiga, akaota mtu anavunja mlango, kumwambia kwamba huyo ni sehemu yake aliyoikana ni kumdhulumu mara ya pili. Maisha ya mtu akiwa macho yaulizwe kwanza, kivuli baadaye.

Mlango, kufuli, chumba

Anza na nyumba. Je, ndiyo unayokaa sasa, au ile uliyokulia? Nyumba ya utotoni mara nyingi huvuta jambo la ukoo: urithi, mzazi anayeamua kwa niaba yako, uhusiano wa zamani ambao mipaka yake haijachorwa upya tangu ulipokuwa mdogo. Nyumba usiyoijua ambayo ndotoni ni yako huja zaidi wakati wa mabadiliko kama kazi mpya, ndoa au kuhama, maana bado hujajua vyumba vyake.

Kisha mahali alipoingilia. Mlango wa mbele uliovunjwa kwa nguvu ni tofauti sana na mlango wa nyuma ulioachwa wazi. Wa kwanza unaongea juu ya shinikizo linaloonekana, kwa mfano bosi anayepiga simu usiku. Wa pili una harufu ya uzembe au lawama kwa nafsi: kuna mahali ulijua unapaswa kufunga ukaacha. Ndoto ya kufuli lisilofunga, mtu anazungusha ufunguo na komeo linateleza, huwajia mara nyingi watu ambao wamesema hapana lakini hapana yao haikusikika. Fikiria mtu aliyekubali mgeni akae wiki mbili, na sasa ni mwezi wa tatu. Mchana anatabasamu. Usiku anahangaika na kitasa.

Ile inayoeleza mengi kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ndoto ambamo mvamizi hakuingia kabisa. Yumo tayari. Mwotaji anafungua chumba na kumkuta ameketi, au anasikia hatua zake ghorofani akijua kwamba amekuwepo siku zote. Hapo kutafuta adui wa nje ni kupoteza muda. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo inaweza kuwa deni ambalo hujalitaja, maradhi unayoahirisha kuyapima, tabia unayoificha, au siri ya nyumba ambayo kila mmoja anaijua na hakuna anayeisema.

Angalia pia alichochukua. Fedha huelekea kuzungumzia fedha, au thamani ya kazi ya mtu. Simu, shajara na picha hugusa faragha. Mtoto anayenyakuliwa humjia mzazi wakati wa kutengana naye, kama siku za kwanza za shule, na ni ndoto ya kawaida sana hata inavyotisha. Mwizi asiyechukua kitu, anayepekua tu, huwafuata watu wanaokaguliwa: wanaosubiri matokeo, walio katika talaka, au ambao mtu fulani amesoma ujumbe wao.

Mwisho ni ulichofanya wewe. Kujificha, kupigana, kuganda, kumkaribisha chai: hiki ndicho kipimo kizuri zaidi kuliko vyote kwa sababu hubadilika. Anayeota uvamizi mara nyingi katika kipindi cha miezi ataona mara nyingine kwamba, jambo lake la mchana linapotengenea, mwizi haondoki mara moja. Kinachobadilika kwanza ni mwotaji. Anapata sauti. Anawasha taa. Anamuuliza anataka nini. Na ikiwa wewe ndiye uliyekuwa mwizi, unapita dirishani mwa mtu na moyo unakudunda, geuza maswali yote: ni mpaka wa nani unaouvuka, au ni kitu gani unakipata huku ukihisi hukustahili?

Kuandika kabla haijayeyuka

Usomaji wote huo hauna faida ikiwa ndoto imeshapotea. Ukiamka, usisogee upesi wala usishike simu. Irudie ndoto kichwani kuanzia mwisho kwenda mwanzo, ndipo uandike kwa wakati uliopo: naingia, nasikia, nashindwa. Andika mahali, mlango, mtu, kilichochukuliwa, ulichofanya, na hisia yenyewe kwa neno moja. Hofu na hasira ni ndoto mbili tofauti hata kama mwizi ni yule yule. Aibu ni ya tatu.

Weka tarehe, kisha tazama nyuma mara mbili. Mambo ya mchana huingia ndotoni zaidi katika usiku wa kwanza na wa pili, halafu baadhi yao huibuka tena baada ya siku tano hadi saba. Watu wengi hukagua jana tu, wasione kitu, wakahitimisha kwamba ndoto imetoka mbinguni. Na usifasiri ndoto moja peke yake. Hall alisisitiza mfululizo: ndoto moja inaweza kuwa chakula kizito au habari ya saa mbili usiku, lakini kufuli lile lile likishindwa kufunga mara sita lina la kusema.

Kinachoharibika zaidi ni kumbukumbu. Kila unapoisimulia ndoto unaitengeneza. Mapengo yanazibwa, na mwizi asiye na sura anaanza kufanana na mtu uliyegombana naye juzi. Kutoka hapo ni hatua fupi hadi kumnyooshea kidole shemeji au mfanyakazi wa nyumbani. Ndoto haina ushahidi juu ya mtu mwingine. Ina habari kuhusu wasiwasi wako pekee, na wasiwasi unaweza kuwa umekosea nyumba.

Baada ya wizi wa kweli

Kwa aliyewahi kuvunjiwa nyumba, hakuna fumbo. Ndoto za wiki za mwanzo ni akili inayojaribu kupanga tukio mahali pake, na kwa wengi hupungua zenyewe. Zikiendelea zaidi ya mwezi, zikirudia tukio karibu lilivyokuwa, na mchana ukiwa na kushtuka ovyo au kuogopa kulala, hayo ni maumivu ya kiwewe na yanatibika.

Njia yenye ushahidi mzuri ni kuiandika upya ndoto ukiwa macho. Katika utafiti wa Barry Krakow na wenzake uliochapishwa mwaka 2001, ukihusisha wanawake 168 walionusurika ukatili wa kingono, waliofundishwa njia hii kwa vikao vitatu walipata nafuu ya ndoto mbaya na usingizi kuliko waliokuwa wakisubiri zamu. Chagua ndoto mbaya ya wastani, isiwe ile nzito kuliko zote. Iandike kwa ufupi, kisha ibadilishe popote unapotaka: mlango ni wa chuma, mvamizi anageuka mtoto aliyepotea, nyumba iko ufukweni. Ndoto mpya ndiyo unayoizoeza kichwani kwa dakika 10 hadi 20 kila siku, mchana au jioni, na ile ya zamani huirudii. Makosa mawili huwarudisha watu nyuma. La kwanza ni kuchagua jeraha kubwa siku ya kwanza. La pili ni kuandika mwisho ambamo unamuua mwizi kwa damu nyingi, ukabaki unazoeza hofu ile ile kila usiku. Wiki chache ni muda wa haki wa kuijaribu. Kama tukio lenyewe bado linakujaa mchana, ifanye pamoja na mtaalamu.

Ngumi usingizini

Kuna hali moja ya mwisho ambamo mwizi wa ndotoni ni dalili ya ugonjwa moja kwa moja. Kizuizi cha misuli kilichoelezwa hapo juu kinaweza kuharibika, na mwotaji akaanza kutenda anachokiota: anapiga ngumi, anarusha teke, anatukana, anaruka kutoka kitandani. Madaktari Carlos Schenck na Mark Mahowald waliieleza hali hii mwaka 1986 huko Minnesota. Ndoto zinazosimuliwa na wagonjwa ni za kujitetea: mtu ameingia, mnyama anashambulia, mke yuko hatarini. Mara nyingi ajuaye zaidi ni mwenzi wa kitandani, anayeamka na jicho limevimba, huku mwotaji, mtu mpole mchana, akieleza kwamba alikuwa akimfukuza mwizi.

Wagonjwa wengi wanaofika hospitalini ni wanaume wenye zaidi ya miaka 50, na wengi wao baada ya miaka kadhaa huja kupata ugonjwa wa Parkinson, unaoleta kutetemeka na kukakamaa kwa mwili, au wa jamii yake; kwa vijana, dawa za sonona ni moja ya sababu zinazotafutwa kwanza. Kwa hiyo ndoto hizi zipelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu au wa usingizi, ambaye atapima misuli na ubongo mtu akiwa amelala usiku kucha. Hadi siku ya kipimo, ondoa vioo na vitu vyenye ncha karibu na kitanda, silaha isiwe chumbani, weka mito au godoro sakafuni upande wa kuangukia, na mwenzi alale kitanda kingine.